Redio ya Nyumba Sita

Safari hii nilirudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na zawadi ya mama: spika ndogo nyekundu, haizidi kikombe cha chai, inayocheza bila waya. Mama aliigeuzageuza mkononi, akauliza mapile, yaani betri, yanaingilia wapi. Nikamwambia haina mapile, inachajiwa kama simu.

"Kumbe inakula peke yake," akasema, na kuniagiza niiweke juu ya kabati.

Huko juu mkono wangu uligusa kitu kimefungwa kwa kitenge. Sikuhitaji kukifungua kukijua. Uzito ule, na mshikio uliovunjika ukafungwa kwa kamba ya wavu, ulikuwa wa redio ya koko. Kwetu koko ni mzazi wa mzazi wako; wangu alikuwa mama yake mama, ndiye aliyenilea katika uwanja huuhuu wa nyumba sita, na sasa ana miaka kadhaa tangu atuache.

Rafiki, mimi si mtu wa kusema zamani ilikuwa tamu. Nilisoma fizikia Bukavu, na mtu akisifu siku za kale huwa namuuliza maji mlikuwa mnachota wapi. Kwa hiyo nianze na ukweli: sauti ya redio ile ilikuwa mbaya. Spika yake ilipopasuka, mjomba wangu aliokota nyingine kwenye gari lililoungua, akaitia ndani ya chungu cha koko kilichopasuka mdomo. Chungu kiliipa besi kama ya ng'oma ya harusi, lakini mtangazaji alisikika kama anayeongea akiwa na bugali mdomoni. Mjomba alikuwa anakizungusha chungu, mara akielekeze ukutani, mara akitie majani makavu ya ndizi, na kila mara akirudi nyuma hatua chache, akiinamisha kichwa. "Redio ya maskini inataka mikono," alikuwa akisema. Nami nikamwona fundi mkubwa kuliko wote kando ya ziwa.

Redio ilitaka betri sita kubwa, zile tunazoziita pile. Hakuna nyumba kwenye uwanja wetu iliyoweza kununua sita. Lakini kila nyumba iliweza kununua moja. Ndivyo ilivyoanza. Jioni, vinu vya kutwangia sombe, majani ya mihogo, vikinyamaza, watu walikuja na viti vyao na pile yao. Mwenye boti, aliyetoka msikitini na kofia yake nyeupe, ya kwake alikuwa ameifunga uzi wa bluu wa wavu. Mwalimu ya kwake aliiandika kwa wino mwekundu, kama daftari lililofeli. Mama wa maziwa, ambaye watu wake walishuka na ng'ombe kutoka milimani, ya kwake ilikuwa na utepe wa ngozi, na ilinukia moshi ule wanaofukizia vibuyu. Koko alizipanga moja baada ya nyingine, akafunga kifuniko kwa mpira. Vipindi vikiisha kila mtu alirudi nyumbani na pile yake, kama vile mtu anavyorudi na mtoto wake.

Mimi kazi yangu ilikuwa jua. Asubuhi nilizikusanya zilizochoka, nikazianika juu ya wavu pamoja na ndagala, dagaa wa ziwa letu, ili zipate nguvu. Nilishika fimbo ya kufukuza kuku na kunguru. Leo naweza kukueleza kwamba jua lile liliziongezea nguvu kidogo sana, labda ya wimbo mmoja na nusu. Lakini harufu ya ndagala ilikuwa inaingia kabisa, hata paka wa jirani alikuwa akisikiliza habari kwa makini kuliko wazee.

Usidhani tulikuwa malaika. Pile sita hukaa kwenye mstari mmoja; moja ikikosekana, njia inakatika na redio inakaa kimya. Kila mtu alilijua hilo, na waliokosana walilitumia. Siku moja mbuzi wa mke wa mwenye boti alikula majani ya mihogo ya mama wa maziwa. Jioni ikawa siku ya mpira, wanaume wamekaa, nafasi moja ni tupu.

"Mama, leta pile, mupira inaanza!" mjomba akaita.

"Muombe mbuzi," mama wa maziwa akajibu kutoka jikoni kwake. "Yeye njo iko na nguvu, amekula shamba yangu yote."

"Shamba gani?" mke wa mwenye boti akadakia. "Majani tatu, unaita shamba?"

"Tatu! Na wewe ulihesabu wakati inakula?"

Watu wakacheka mpaka mwalimu akadondosha miwani. Mwenye boti, aliyekuwa akitazama jua linavyoshuka kwa hofu ya mtu anayekosa goli, alikwenda mwenyewe na sahani ya mikeke mibichi, samaki aliovua usiku, akaiweka mlangoni. Pile ikaja. Tulikuwa tumeshafungwa mawili.

Koko alikuwa akiniita avoka, yaani wakili, kwa sababu sikuacha kitu kipite bila swali. Basi swali langu ni la siku nyingi: tulikaa pamoja kwa sababu tulipendana, au kwa sababu hakuna aliyekuwa na hela ya pile sita? Majirani wa zamani wakikutana siku hizi husema, "Ile wakati tulikuwa tunapendana." Mimi nageuza mazungumzo, kwa sababu najua kilichofuata.

Palitokea msimu ambao maneno yalianza kuzunguka sokoni juu ya watu walioshuka kutoka milimani, kwamba si wenzetu. Watu wazima walishusha sauti tukikaribia. Walisema hali si nzuri, na mpaka leo ukiwauliza ndilo jibu, hali, kana kwamba hali ina miguu na mikono. Asubuhi moja nilienda kuchukua maziwa na kikombe changu cha bati nikakuta mlango umefungwa kwa nje. Kuku wao mmoja alikuwa anatembea uwanjani akiuliza kwa sauti. Mama wa maziwa, mume wake, watoto wao, wote walikuwa wamekwenda. Hakuna aliyewasindikiza. Nimeuliza kila mmoja wa uwanja ule, na hakuna.

Jioni viti vilikuja vitano. Tulikaa tukiitazama redio. Mwenye boti alikohoa, akasema yeye ataleta pile ya pili, ana moja ya tochi ya kuvulia.

"Apana," koko akasema. "Hii nafasi iko na mwenyewe."

"Mama, mwenyewe amekwenda."

"Amekwenda, ndiyo. Lakini hajakufa. Na pile yake amebeba. Kama alikuwa anajua harudi, angetuachia. Pile moja peke yake ni ya kazi gani?"

"Ya tochi," nikasema.

"Tochi inaomba mbili, avoka. Kaa chini."

Sasa ungefanyaje, na redio haisemi bila njia kuunganika? Mjomba alikata kipande cha tete, urefu wa pile, akakiviringishia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, tabaka juu ya tabaka, akakiweka kwenye nafasi ile. Umeme ukapita. Redio ikaamka, lakini kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayeomba maji. Chungu hakikutoa besi tena. Tulisogeza viti karibu, magoti yakagusana.

Nilikasirika, rafiki. Nilikuwa mtoto na nilitaka muziki wangu. Nilimwambia koko kwamba hata wakirudi hawatajua kama tuliwawekea nafasi. Akasema, "Sisi tutajua." Kwa miaka mingi niliona jibu hilo ni zuri. Nikiwa chuoni nikaanza kuliona ni jepesi. Kumwekea mtu nafasi ndani ya redio ni rahisi kuliko kusimama mlangoni kwake siku ile ya maneno. Tete na karatasi ya sigara havikumrudisha mtu. Mpaka leo hawajarudi. Mlango ule ulifunguliwa na wengine, wana paneli ya sola na skrini kubwa.

Kila nyumba ina sauti yake sasa. Mjomba anauza mabafle barabarani, yale maspika makubwa, marefu kuliko mimi, yanayotetemesha mabati. Mtoto wa dada yangu ana waya masikioni tangu asubuhi, ukimwita kula lazima umguse. Sauti zao ni safi, kila neno linasikika. Na hakuna anayehitaji kupatana na mtu ili asikie wimbo.

Nilifungua kitenge; chungu chenye spika kilikuwa nyuma yake, nikakishusha pia. Nilipoondoa mpira na kifuniko, nafasi tano zilikuwa tupu, safi, kwa kuwa kila mtu alirudi na ya kwake. Katika ya nne, ya mama wa maziwa, kulikuwa na kile kipande cha tete. Karatasi ilikuwa mpya kuliko nilivyokumbuka, bado inang'aa.

"Nani amebadilisha hii?" nikauliza.

"Koko yako," mama akasema. "Ilikuwa inachakaa, anabadilisha. Hata ile mwaka ya mwisho, macho haioni, alinituma nitafute pakiti. Na sigara hakuna mwenye anavuta hapa."

Nilikwenda kibandani nikanunua pile. Nilinunua sita, kwa kuwa sasa nina uwezo huo. Mama alinitazama nikizipanga, akasema weka zote basi, iongee vizuri. Niliweka tano. Katika ya nne nilikirudisha kile kipande cha tete.

Redio ilikwaruza, ikatafuta, ikaongea kwa chini. Mama akazima spika nyekundu niliyokuwa nimemwashia, akasogeza kiti chake, nami nikasogeza changu, mpaka magoti yakagusana. Pile ya sita ipo mezani. Nimeifunga utepe wa ngozi.