Uji Uliosimamisha Kijiko

Mama aliporudi kwetu Mwananyamala baada ya kuugua, koo lake lilikubali uji mwepesi tu, na uji mwepesi haukuweza kumrudishia nguvu. Niliamini mchele ulioota ungemfaa. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyoukata wanga vipande vipande, hata uji wenye unga mwingi ukawa mwepesi kumeza.

Nilimwachia dada yangu mchele usiokobolewa, uliokwisha kuchipua, aukaushe na kuusaga. Naye, kwa mazoea ya nyumbani kwetu, akaukaanga kwanza hadi ukanukia. Jioni Mama alitumbukiza kijiko katika uji, kikasimama.

"Wanangu, huu ni uji au ugali? Basi nileteeni na mboga!"

"Shikamoo, profesa," dada akanicheka. "Mchele wako umegoma."

Sikuutilia shaka mchele. Wanga huhitaji moto ili ulainike, lakini vimeng'enya haviuhimili moto huo. Kikaango kilikuwa kimeviharibu kabla havijafanya kazi. Mchele mwingine ulipochipua tuliukausha juani, tukausaga. Dada akapika uji mzito wa mchele wa kawaida, akauacha upungue moto, kisha akakorogea unga ule kidogo. Uji ukalegea taratibu mbele yetu, hadi ukamiminika. Vimeng'enya vikiwa vimekwisha kazi yake, tukauchemsha tena, tukampa.

Mama alimaliza kikombe, akakisukuma kuelekea kwenye sufuria.

"Ongeza," alisema. "Na hicho kikaango kificheni."