Walichokula Nguruwe wa Kaku

Sauti ninayoikumbuka kabla ya zote ni ya ndimi zikilamba ukuta. Ilianza kila adhuhuri, mabati ya mtaa wetu uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, yakiwa yamewaka jua na watu wazima wamejilaza. Upande wa nje walikuwa watoto wa nguruwe wa kaku, yaani bibi yangu mzaa mama. Walikuwa wameachishwa kunyonya majuzi, weupe kama nta, hawalii wala hawakimbii. Upande wa ndani, midomo yake ikiwa imegandamana na matofali yale yale ya udongo, alikuwa mdogo wangu Rosa, naye ameachishwa ziwa msimu huo huo. Hawakuonana. Lakini Rosa aliponyamaza, nao walinyamaza; alipoanza tena, walianza.

Kaku, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa amefuga nguruwe tangu ujana wake huko Mitwaba. Alichimba udongo mwekundu kwenye kichuguu, akauleta kwa beseni na kuuchanganya na pumba na chumvi kidogo. Haukupita muda mrefu, masikio ya nguruwe yakaingia rangi, wakaanza kupigana na kupiga kelele. Rosa ndiye aliyezidi kupauka. Alikaa kizingitini bila kupepesa macho, viganja vyake vikiwa na rangi ya ugali.

Jirani yetu, Mama Kalista, akasimama mlangoni pa ua. "Kaku, nguruwe zako zinanenepa bule? Damu ya mutoto inaendaka wapi?"

"Inaendaka kwako, Mama Kalista," kaku akajibu, mkono ungali unakoroga. "Ona vile mashavu yako iko!"

Waliokuwapo walicheka, ila Mama Kalista. Jumapili iliyofuata alirudi na watu wa maombi, wakauzunguka ua wakiimba kwa sauti ya chini. Tangu hapo mama yangu akawa anamnyanyua Rosa kila kaku alipopita. Kaku aliliona hilo. Wiki hiyo hiyo baba alimtafutia nafasi kwenye lori la Mitwaba, naye akapanda bila kuaga.

Naomba jambo hili liwekwe sawa, kwa sababu mpaka leo linasimuliwa kwa upotovu wa kutia aibu. Siku chache baadaye mama alimpeleka Rosa zahanati. Muuguzi alimfunua kope, akasema amepungukiwa damu, akatoa dawa ya maji yenye madini ya chuma, yale yale yaliyomo katika udongo mwekundu wa kichuguu. Dawa hiyo ndiyo iliyomponya. Lakini Rosa alipoanza kukimbia uani, mtaa ulijipatia ushahidi wake: mchawi ameondoka, mtoto amepona. Kaku alifia Mitwaba. Hakuna aliyemwita arudi.

Sasa nimestaafu utumishi wa serikali, nami nafuga nguruwe katika ua ule ule. Sichimbi kichuguu, nanunua unga wa madini, na kila kilichomo kimeandikwa kwenye mfuko. Nguruwe wangu walioachishwa wana masikio mekundu, wachangamfu. Mtoto wa jirani amepauka viganja, na adhuhuri, nikitulia, nasikia ukuta ukilambwa. Nilimsihi mama yake ampeleke hospitali.

"Ndiyo, papa," alisema kwa heshima, akimvuta mtoto nyuma ya kitenge chake. Macho yake yalikuwa kwenye banda la nguruwe. "Lakini zile nguruwe zako, papa, zinakulaka nini?"

Mfuko ule nimeutundika langoni, maandishi yakitazama barabara. Watu hupita upande wa pili.