Mboga Niliyoipanda Penye Chumvi

Kwaru, kwaru, kwaru. Mlio wa ndimi za ng'ombe zikiramba udongo wa chumvi bado ninao masikioni. Enzi zetu kule bondeni, chini ya Magwagwa, kila boma lilikuwa na siku yake ya kuteremsha mifugo penye ule udongo mweupe, na sisi watoto tuliramba pamoja nao. Watoto wa siku hizi chumvi wanaijua ikitoka dukani imefungwa kwa karatasi. Wanadhani huzaliwa humo.

Nyumbani chumvi haikudumu, na chinsaga, ile mboga yetu chungu, bila chumvi ni kama dawa. Basi nikawaza: nikiipanda pale wanaporamba ng'ombe, si itaota ikiwa imeshakolea? Nikamwomba nyanya yangu mbegu. Alikuwa amebakiwa na konzi moja kibuyuni, mbegu ya nyumba nzima, akanigawia nusu. "Kajaribu," akasema, "lakini mvua ikiisha nataka mbegu yangu." Kaka yangu Ongeri akaniuliza kama nitapanda na ndizi, zitoke zikiwa zimechemshwa.

Miche ikaota michache, ikaanza kunyauka mmoja mmoja. Kando yake nyasi za pale zilisimama kijani kibichi, hazina habari. Nikachimba shina moja la nyasi hizo kwa kijiti. Mizizi ilikuwa minene, imeshuka chini kuliko urefu wa mkono wangu. Nikaonja, maana kuonja ndiyo ilikuwa shule yetu. Ganda la nje, chumvi tupu. Nikaliambua, nikatafuna moyo wake: maji tu, kama ya muwa usiokomaa. Na juu ya majani kulikuwa na punje nyeupe, mithili ya jasho lililokauka.

Nikamkimbilia nyanya. Hakunicheka. "Mzizi huo una mlango," akasema, "na mlangoni ameketi mama mkali. Chinsaga humfungulia kila mgeni."

Siku hizi ng'ombe hupewa chumvi kwenye karai, bonde limenyamaza, na wadogo zangu nikiwauliza nyasi zile huishije, hunituma kwa mwalimu. Mimi darasa la nne liliniishia njiani, lakini bado najiuliza mzizi ulijuaje cha kupitisha na cha kukataa.

Kibuyu cha nyanya kilipata mbegu zake, zote kutoka mche mmoja. Jioni ile ile aliyoniambia habari ya mlango, nilirudi bondeni peke yangu, nikaukuta umebaki na jani moja lililosimama. Nikaung'oa pole pole, nikausuuza mtoni, nikauchimbia shimo nyuma ya zizi. Kabla ya kuufukia, niliuramba mzizi, nijue kama chumvi imetoka.