Mikorosho Ishirini na Saba Isiyokuwa na Ekari

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mwanzo kabisa ili nisije nikasikika namsingizia kaka yangu. Serikali ilipoanza kuandikisha wakulima wa korosho ili wagawiwe salfa ya ruzuku, mimi ndiye niliyesema tuandikwe pamoja kwa jina lake. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kibiti kutoka Mbwera, ndoa imekufa, mpunga umeliwa na maji ya chumvi, nina watoto wawili na godoro. Niliona tukiandikwa pamoja tutaonekana wakulima wakubwa na mgao utakuwa mkubwa. Kaka akakubali haraka sana. Ile haraka yake ingenishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Kwetu mti ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Baba alipokuwa hai alimwachia kaka shamba alime, na mimi akanionyesha mikorosho, mmoja huku, mwingine kule, akisema huu wako, na ule pale wako. Jumla ishirini na saba. Mkorosho wa dada unaweza kusimama katikati ya uwanja wa kaka, na hakuna mtu atakayeokota korosho zake isipokuwa dada au mtoto aliyetumwa naye. Mmoja wangu ulikuwa mbele ya baraza ya kaka hasa. Ulikuwa unatangulia kuzaa kabla ya yote, na mama alikuwa akinihimiza niuangalie huo kuliko mingine. Utaratibu huo haujapata kugombanisha watu kwetu, maana kila mtu anaijua miti ya kila mtu.

Mgogoro ulianza na salfa. Mkorosho unapotoa maua unapatwa na ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshika maua mpaka yanageuka meusi kama yamepitiwa na moto. Dawa yake ni ule unga wa salfa, unapulizwa alfajiri upepo haujaamka, na unapulizwa kwa wakati. Ukichelewa wiki mbili unapulizia vijiti. Mifuko ilikuja kwa jina la kaka. Kaka akapuliza miti yake, akaniambia, "Ikibaki, dada, nitakufikia."

Haikubaki. Mwaka wa pili ilibaki kidogo, ikanifikia maua yameshaungua. Mwaka wa tatu nilisimama chini ya mikorosho yangu, mmoja baada ya mwingine, nikitazama maua meusi yanadondoka kwenye mchanga, na kila nilipogeuka naona miti ya kaka imejaa maua mekundu, mazima. Miti ya kaka na yangu ilikuwa imepishana hatua kumi tu. Sitaki kupamba maneno: nilimchukia kaka yangu siku ile. Halafu nikajichukia mwenyewe, kwa sababu wazo lilikuwa langu. Msimu ule mikorosho ishirini na saba ilinipa gunia moja lisilojaa. Nikaapa kwamba maua ya mwaka unaofuata yatapata salfa yangu, kwa jina langu, na kwa wakati wake.

Nilikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji alinipokea vizuri, akanikabidhi kwa ofisa ugani, binti mmoja mpole mwenye kishikwambi na buti lililomzidi mguu.

"Shikamoo mama. Shamba lako lina ekari ngapi?"

"Marahaba. Mie sina ekari. Nina mikorosho ishirini na saba."

Akatabasamu. "Sawa, mama, lakini hapa pananiuliza ekari."

Nikamwambia twende akaone kwa macho yake. Tulikwenda. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mpaka wa shamba ameshika kile kishikwambi, nacho kinachora njia aliyopita na kutoa ukubwa. Kwa kuwa sikuwa na mpaka, akajaribu kuuzunguka mti mmoja. Kishikwambi kikakataa, kikasema eneo ni dogo mno. Akajaribu kuzunguka mitatu pamoja, lakini katikati yake kulikuwa na mitano ya kaka na choo cha kaka. Tukacheka sana wote wawili. Mimi nikaacha kucheka kwanza.

"Mama," akaniambia, akiwa ameketi kwenye mzizi anatoa mchanga kwenye buti, "hawa walioitengeneza hii hawajui mambo ya miti huku na ardhi kule. Ukipata eneo moja lako, tukalizunguka, majirani wa mipaka wakasaini, mimi nakusajili siku hiyo hiyo. Lakini usichelewe. Orodha ikifungwa imefungwa."

Nilimshukuru. Wapo maofisa ambao wangenifukuza tu, na yule binti alikuwa amenifumbua macho. Nilikuwa nikigombania salfa, kumbe kilichonikosesha salfa ni ardhi.

Jioni ya siku ile, baada ya swala ya alasiri, nilimkuta kaka barazani. Nikamweleza kila kitu bila kuzunguka mbuyu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba alikupa miti," akasema. "Ardhi hakukupa."

"Baba alinipa miti akiwa hai. Alipokufa ardhi yake haikugawiwa. Aliyekufa hagawi, kaka, anarithiwa."

"Sasa unataka kunishitaki?"

"Sitaki kukushitaki. Nataka unijibu tu. Wewe ndiye unayeadhini msikitini kwetu, watu wote huamka kwa sauti yako. Niambie wewe, mtoto wa kike hana fungu?"

Anajua hesabu hiyo kuliko mimi: mafungu mawili yake, moja langu. Kama ningesema serikali imeagiza, angebishana mpaka kesho. Lakini hili halikuwa la serikali. Akaangalia kofia yake, akaipangusa mavumbi yasiyokuwapo, akaingia ndani.

Siku sita hakunisemesha. Wifi yangu nilimkuta bombani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Halali usiku, wifi. Anageukageuka tu." Nikamwambia nami silali. Tukacheka kidogo, tukajitwisha ndoo zetu. Lakini sikurudi nyuma, wala sikumtuma mtu akanisemee. Mwiba uingiapo ndipo utokeapo, na mimi ndiye niliyejichoma.

Siku ya saba alikuja alfajiri na panga mkononi. "Twende," akasema.

Tukafanya kazi ya siku mbili ambayo sijawahi kuona ndugu wengine wakiifanya. Tulibadilishana mikorosho. Alinikatia upande wa bondeni, ardhi na miti yake, na kila mti wake uliokuwa huko nikaulipa kwa mti wangu uliokuwa kwake. Mti kwa mti. Tulitazama shina, matawi, umri, na jinsi kila mmoja ulivyozaa misimu iliyopita. Tulibishana kweli kweli.

"Huu umeshazeeka, kaka, unanipa bibi kizee."

"Na wewe unanipa huo uliopinda? Huo hata mbuzi hasimami kivulini mwake."

Tulipoufikia ule wa mbele ya baraza yake, alisimama, akauwekea kiganja. "Huu nautaka," akasema. "Uko mlangoni kwangu." Alikuwa na haki. Hakuna ekari ambayo ingeufuata mti ule mpaka barazani kwake. Nikauachia. Niliona uchungu ambao sikuuona hata siku nilipopewa talaka, nikajifanya natazama kiatu. Badala yake akanipa miwili ya bondeni iliyojaa kupe, ile mimea inayoota juu ya matawi na kunyonya mti. Niliikubali. Kupe hukatwa.

Tukapanda minyaa mpakani. Mwezi uliofuata nilifyeka vichaka, nikakata kupe, nikapunguza matawi yaliyokuwa yamelaliana, mikono ikachubuka mpaka nikashindwa kushika mwiko. Maua yalikuwa karibu. Kila asubuhi nilitazama ncha za matawi kabla ya kunywa chai.

Ofisa ugani akarudi, na buti lake. Safari hii alilizunguka eneo lote bila shida, mimi nyuma yake. Halafu akatoa fomu ya majirani. Magharibi kulikuwa na njia. Kaskazini, mashariki na kusini alikuwa kaka yangu.

"Mzee wangu, utasaini hapa, hapa na hapa," akamwambia. "Kama jirani."

"Jirani?" Kaka akamwangalia, akaniangalia na mimi. "Huyu ni dada yangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Naelewa, mzee. Lakini hapa hakuna nafasi ya kaka. Kuna jirani tu."

Akaishika kalamu bila kuandika. Ningeweza kusema neno la kumpoza, kwamba hayo ni makaratasi tu, kwamba sisi ni wale wale. Sikusema. Niliogopa kwamba nikilegea kidogo tu nitamwambia aache, turudi kama zamani, na maua yangu yaungue tena. Akasaini mara tatu, taratibu, kila herufi imekamilika, akarudisha kalamu, akaondoka bila kuaga. Nilikuwa nimeshinda, na nilijiona kama mtu aliyetolewa vyombo nje. Niliyabeba yote mawili mpaka nyumbani, na usiku ule nililala vizuri.

Ujumbe ulikuja kwenye simu maua ya kwanza yakiwa ndiyo yanachomoza: mgao wako wa salfa uko ghala la chama cha ushirika, fika na namba yako. Niliusoma, nikampa mwanangu mkubwa anisomee tena.

Ghalani tulikuwa wengi, wanaume karibu wote, baiskeli na bodaboda zimeegeshwa mpaka barabarani. Kaka alikuwa mbele yangu kidogo kwenye foleni. Tulikuwa tumesalimiana tu, na alikuwa ameniuliza habari za watoto. Mtunza ghala alisimama mlangoni na karatasi, akisoma majina kwa sauti, na kila jina mtu anajitokeza, anaweka dole gumba, anatoa mifuko yake. Likasomwa jina la kaka, akaenda, akarudi na mifuko pungufu kuliko ya miaka yote, maana eneo lake lilikuwa limepungua. Akaikalia kando yangu.

Majina yakaendelea. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa mazoea yangu, kama mtu anayesubiri mwenzake ashughulikiwe waondoke. Nimesikia jina langu likiitwa kliniki, na siku ya talaka, na shuleni kwa watoto pakiwa na kosa. Kwa ajili ya shamba sikuwa nimelisikia hata siku moja. Mtunza ghala akalisoma lile jina, langu na la baba. Kimya. Akalirudia kwa nguvu zaidi, watu wakaanza kugeuka kutafuta ni nani, na mimi nikageuka pamoja nao.

Kaka akanigusa bega.

"Dada," akasema, "unaitwa wewe."