Kinyonga Ndani ya Nyumba ya Bibi

Nilipokuwa mtoto niliogopa vitu vingi: radi, jogoo wa jirani, mwalimu wa hesabu. Kinyonga sikuwahi kumwogopa, na hilo liliwaudhi watu wazima kuliko utundu wangu wote. Kwetu Umatengoni, kwenye milima ya Mbinga, wachumaji wa kahawa wakimwona kwenye mbuni walirudi nyuma na kutema mate chini. Siku moja walimkuta jike akizaa juu ya tawi, wakampiga kwa fimbo. Vitoto vyake vilianguka kwenye majani makavu, kila kimoja kifupi kuliko kidole changu. Viwili vilikuwa bado hai. Nikaviokota, nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kuutoboa mfuniko kwa msumari.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi walifika vijijini na mizani zao, ghala la ushirika alikokuwa akipimia kahawa baba yangu likafungwa, naye akakaa nyumbani msimu mzima akitazama paa. Mwishowe mama akasema twende kwao ziwani, karibu na Mbamba Bay. Baba ajaribu kuuza usipa, dagaa wa kule, na yeye akajifungulie kwa mama yake. Mimba mbili kabla ya ile zilikuwa zimeharibika. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, lakini sote tulilijua, hata mimi.

Tulishuka milima juu ya lori la mahindi, na kila kona joto lilizidi. Nilipochungulia ndani ya kopo, vinyonga wangu walikuwa wamegeuka weusi, vinywa wazi. Niliwanyunyizia maji kwa ncha za vidole njia nzima.

Bibi, mama yake mama, alitupokea amekaa kizingitini. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye goti bovu, mnusaji wa ugoro, na kikopo cha ugoro wake kilifungwa daima kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetuletea nini toka milimani?"

Mimi kwa ujinga wangu nikafunua kopo. Alitazama ndani.

"Unamjua huyu? Mungu alimtuma aje awaambie watu kwamba hawatakufa. Akaja anayumbayumba, anasimama, anakula nzi. Mjusi akampita njiani na neno la kifo, akafika kwanza. Ndiyo maana tunazika." Akaurudisha mfuniko kwa ncha ya fimbo yake. "Huko nje akae. Nikimkuta ndani ya nyumba hii, na mwanangu ana mimba, nitampa haki yake."

Haki yake nilikuja kuelezwa na mama. Ni ugoro. Watu wa kule walimfungua kinyonga kinywa wakamtia ugoro kama adhabu ya kuchelewa, akatetemeka mpaka akafa. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikawatafutia makazi nyuma ya bafu la uani, pale maji ya kuogea yalipotiririka kwenye migomba na kivuli hakikuisha. Kuwazoesha mahali pageni si kazi ya haraka. Ukiwashikashika wanakuwa weusi. Ukiwawekea maji kwenye kifuniko hawayaoni kabisa, wao hunywa tone linaloning'inia kwenye jani. Basi kila asubuhi nilichovya tawi majini na kulikung'uta juu yao, kisha nikakaa mbali. Mmoja alishindwa na joto, nikamzika palepale mgombani nikalia peke yangu. Wa pili siku moja nilimkuta kijani kibichi, mkia umesokotwa, jicho moja likinitazama mimi na jingine likimfuata inzi. Nilifurahi kupita kiasi. Nadhani ndiyo siku na mimi nilipoacha kuulizia lini tutarudi Mbinga.

Bibi alipita pale akienda kuoga, hakumtazama. Ila alinitania: "Mmatengo, mgeni wako bado hajajifunza kuvua samaki?"

Bibi alikuwa mtu wa kutuma. Chumvi, kaa la moto, kurudisha ungo, yote mimi. Lakini jirani mmoja ng'ambo ya kijito alipofariki, na baba akataka nikimbie kuwaarifu ndugu, bibi alimkatalia. "Mtoto hatumwi na neno la msiba. Atalibeba maisha yake yote." Akachukua fimbo, akaenda mwenyewe na goti lile lile bovu.

Kisha ukaja mchana wa joto ambao hata kuku walilala. Mama alikuwa ameshikwa na uchungu chumbani, mkunga yuko naye. Nilikwenda mgombani, kinyonga hayupo. Nilipoingia ndani nilimkuta bibi amesimama mbele ya mtungi wa maji. Kinyonga wangu alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa mtungi, penye ubaridi, ndani kabisa ya nyumba.

Bibi alifungua pindo la khanga. Akafungua kikopo, akachovya kidole kwenye ugoro. Mama akaugua chumbani, na bibi akageuza uso upesi kuelekea mlango wa chumba. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa.

"Bibi," nikasema, "huyo ni mtoto. Amezaliwa juzi tu."

Alinigeukia. Akamtazama tena kinyonga, kwa karibu safari hii, kidole cha ugoro kikiwa bado hewani.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Huyu hajatumwa. Mtoto hatumwi."

Akafunga kikopo. Akachukua kata ya kuchotea maji, akamwekea mpini mbele ya miguu. Kinyonga akayumba mbele, akayumba nyuma, kama wafanyavyo, na bibi mwenye goti bovu akamsubiri mpaka akapanda. Akanikabidhi kata.

"Mtoe. Polepole, asianguke."

Mdogo wangu wa kike alizaliwa jua likiwa bado juu, akalia kwa nguvu. Kinyonga aliishi mgombani hadi mvua zilipokuja, kisha akaenda zake.

Watu hupenda kuniambia kwamba imani zile zilikuwa giza tupu. Mimi nakataa. Bibi hakuiacha imani yake mchana ule, wala hakuwahi kuiacha. Alitafuta ndani yake mlango wa huruma, akaupata, huku mwanawe akiugua chumba cha pili. Wangapi kati yetu tuliosoma tungejisumbua kuutafuta?

Bibi alipozidiwa, miaka mingi baadaye, nilikuwa mbali. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya kushuka ziwani, na nilipofika tayari alikuwa amezikwa. Wajomba walinitazama vibaya. Mdogo wangu ndiye aliyenishika mkono akaniketisha kizingitini.

"Alikuulizia," akasema. "Tukamwambia uko njiani. Akasema, mwacheni aje polepole, asianguke."