Siku Mama Alipotasa

Harufu ya pombe ya miwa ikivuka ua wa bweni letu, namkumbuka kaka yangu, aliyekuwa akipiga mayowe na kujiuma mikono, wala hatukujua sababu. Nyanya alisema hatatulia mpaka sisi wa nyumbani tutase: kila mtu apige funda la pombe, aseme lililomkasirisha, kisha ateme, hasira itoke.

Baba alimtaja jirani, akatema. Zamu ya mama ilipofika akasema, "Nimechoka mimi. Jana nilimwomba Mungu amchukue mtoto huyu."

Nilidhani nyanya atamzaba kofi.

"Haya, mwanangu," nyanya akamwambia polepole, "tema."

Mama akatema. Kaka akaanza mayowe tena, na mama akakimbia kumshika mikono asijiume.