Kibarua na Gauni la Kijani

Kiwandani walimwita Mama Kola, kwa sababu kwa miaka kumi na minne hakushona kitu kingine. Mashati yalipita mbele yake kwa maelfu. Kila moja aliliwekea kola, akalisukuma kwa jirani yake wa mashine ya pili. Mara tatu alipanda ofisini kuomba cheo cha fundi. Mara tatu meneja wa utumishi, bwana mwenye sauti ya kubembelezea watoto, alimpa jibu lile lile: "Kushona kola si ufundi, mama. Ni mazoea." Kitambulisho chake kiliandikwa KIBARUA, naye alikivaa kifuani kila siku ya Mungu.

Wifi yake, mrefu, mwembamba na mdomo hauna breki, ndiye aliyemletea habari za mashindano.

"Wifi, soma kikaratasi hiki. Kubuni na kushona gauni, kwa wasio mafundi tu. Si ndiyo wewe? Umeandikwa mpaka kifuani!"

Mama Kola alicheka bila kutaka. Kisha akakichukua kile kikaratasi na kukisoma tena.

Alitoa kabatini shuka mbili za kijani ambazo mumewe alizinunua kwa kukadiria kwa macho, zikagoma kutosha kitanda. Akalikata gauni sakafuni sebuleni, futi shingoni, pini mdomoni. Kola ilimchukua nusu saa. Mikono ndiyo iliyomtoa jasho, maana alikuwa hajawahi kushona mkono wa nguo maishani mwake. Wa kushoto aliufumua mara tatu. Mara ya nne aliutukana, ukakaa. Kwa ndani alifunika kila mshono kwa utepe mwembamba, mahali ambapo hapana wa kupaona. Alitaka tu iwe hivyo.

"Unanidunga, wifi! Nitaingia ukumbini nimetoboka kama chujio," wifi yake alilalamika, maana ndiye atakayelivaa.

"Simama wima. Ukitikisika tena nakushonea humo humo."

Siku ya mashindano wifi alipita jukwaani kwa madaha, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ndipo jaji mkuu, aliyepandisha miwani mpaka kwenye paji la uso, akamwita kwenye meza ya majaji, pembeni mwa jukwaa. Akapindua pindo la gauni, akachungulia mishono ya ndani, akanong'ona na wenzake. Kisha akashika kipaza sauti.

"Gauni namba tisa tumeliondoa. Hii ni kazi ya fundi. Tusidanganyane."

Makofi yakakatika. Nyuma kabisa mtu akapiga mluzi.

Mama Kola alihisi masikio yakiwaka moto. Hakujua alifikaje jukwaani. Alijikuta tu pale, kitambulisho mkononi, amekisogeza karibu kabisa na pua ya jaji.

"Soma. Imeandikwaje hapo? Kibarua! Miaka kumi na minne naambiwa si fundi, leo wewe unaniambia naficha ufundi?"

Jaji akatabasamu. "Dada yangu, mtu hajifunzi kazi kama hii sebuleni."

"Basi niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Hicho ulichosema. Kwamba mimi ni fundi. Andika, gonga na muhuri. Siondoki hapa."

"Na mimi sivui," wifi akadakia, akakaa chini katikati ya jukwaa na gauni lake.

Wakaandika. Mistari mitatu, sahihi mbili, muhuri mmoja.

Jumatatu asubuhi meneja wa utumishi aliisoma karatasi ile, akairudisha kwa ncha za vidole. "Hii ni michezo, mama. Hapa tuna taratibu."

Mama Kola akalibwaga gauni mezani, juu ya mafaili yake. "Tafuta kosa."

"Mimi siyajui mambo ya kushona."

"Huyajui! Sasa miaka yote hiyo ulijuaje kwamba mimi si fundi?"

Meneja akainua simu ya mezani. Akamwita msimamizi wa mashine, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Msimamizi akaligeuza gauni nje ndani bila haraka.

"Mkono wa kushoto umepanda kidogo," alisema.

"Ulinishinda," Mama Kola akakubali.

"Lakini kule chini mafundi wawili tu ndio wangeweza kumaliza nguo namna hii." Akamtazama meneja. "Wawili."

Hata hivyo walimzungusha kwa wiki sita, njoo kesho, njoo keshokutwa. Alikuja kila walipomwambia aje, gauni begani. Mwisho wakampa kitambulisho kipya kilichoandikwa FUNDI. Hakuna aliyemwomba radhi.

Wenzake walimshangilia, wakampigia meza. Yeye alikitazama kitambulisho kile, na badala ya furaha, hasira ikampanda upya. Miaka kumi na minne, na aliyemsaidia ni mtu aliyemfukuza mbele ya ukumbi mzima! Akazima mashine. Akamgeukia jirani yake, mama mpole aliyeshona mifuko kwa miaka kumi na mmoja.

"Wewe uliomba cheo mara ngapi?"

"Mara moja tu. Nikaona aibu kurudi."

"Inuka."

"Sasa hivi? Muda wa kazi huu!"

"Inuka, mwenzangu. Aibu ni yao."

Wakaelekea wawili kwenye ngazi za ofisini, mashine zao zimenyamaza. Msimamizi aliwaona wakipita, akainamia sanduku la vifungo, akajifanya anahesabu.